Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za hidrojeni: hesabuni hewa ukaa, msihesabu kilo

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wa Nishati, Viwanda na Mazingira, wakuu wa mamlaka za udhibiti wa nishati, na wakuu wa benki za maendeleo zinazokopesha miradi ya hidrojeni.

YAH: FEDHA ZA TABIANCHI KULIPIA HIDROJENI ISIYOPUNGUZA HEWA UKAA

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, na tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imetufikisha ukingoni. Maoni yetu kuhusu vigezo vya ruzuku ya hidrojeni yalikwenda kwenye kamati zenu kwa maandishi, yakarudiwa kwenye vikao vya wadau, na kila mara jibu lilikuwa moja: maoni yenu yamepokelewa. Kisha vigezo vikatoka vilevile. Mradi unapewa alama kwa idadi ya tani za hidrojeni utakazozalisha kwa mwaka. Fomu haiulizi kila kilo itazuia hewa ukaa kiasi gani, wala haiulizi kama kazi hiyohiyo ingeweza kufanywa na waya wa umeme.

Hatuipingi hidrojeni. Ndiyo fani yetu, na tunajua vipo viwanda ambavyo bila hidrojeni safi haviwezi kuachana na makaa ya mawe na gesi asilia. Tunachopinga ni kuimwaga kila mahali kana kwamba faida yake kwa tabianchi imo ndani ya gesi yenyewe. Haimo. Faida inategemea hidrojeni imetoka wapi, imeondoa nini, na kama palikuwa na njia fupi zaidi.

Kabla ya hoja zetu, tunaomba mtuvumilie kwa hesabu moja, maana mengine yote yanaitegemea.

Kupata kilo 1 ya hidrojeni kwa kuchanganua maji kwa umeme (elektrolisisi) kunahitaji umeme wa kilowati-saa 50 hadi 55 kwa mtambo mzima, yaani pamoja na pampu, vipozeo, vikaushio na vigeuzi vya umeme. Tuchukue 52. Kilo hiyo ina nishati ya kilowati-saa 33.3 tu, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya umeme imepotea kabla gesi haijatoka getini. Megawati-saa 1 ya umeme safi inazaa basi kilo 19 hivi za hidrojeni. Sasa tuone megawati-saa hiyo inaweza kuzuia nini.

Ikiingia moja kwa moja kwenye gridi na kuzima kiasi hichohicho cha umeme wa makaa ya mawe, inazuia kilo 900 za hewa ukaa au zaidi. Ikizima umeme wa gesi, kilo 350 hadi 400. Ikigeuzwa hidrojeni na kuchukua nafasi ya hidrojeni ya gesi asilia kwenye kiwanda cha mbolea, inazuia kilo 190 hivi. Kwenye chuma, ikichukua nafasi ya tanuru la makaa ya koki, karibu 500. Hidrojeni hiyo ikichomwa kwenye boila ya kupasha nyumba, inazuia kilo 130 hivi, ilhali umeme uleule ukiendesha pampu joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, unafika 650. Kwenye gari dogo la hidrojeni haivuki 300; kwenye gari la betri, karibu 800.

Msomaji makini ataona jambo. Gari la hidrojeni linazuia hewa ukaa nyingi kuliko mbolea kwa umeme uleule, sasa kwa nini tunasema mbolea itangulie? Kwa sababu gari lina betri. Mbolea ya naitrojeni haina mbadala wa waya: amonia ni naitrojeni na hidrojeni, na hidrojeni lazima itoke mahali. Maswali ni mawili, na yanakwenda pamoja: inazuia kiasi gani, na je, ipo njia nyingine? Mkiuliza moja na kuacha jingine mtapotea, na hapo ndipo vigezo vya sasa vilipo, kwa kuwa haviulizi lolote kati ya hayo mawili.

Hoja zetu ni hizi.

1. Mnalipia rangi, na rangi haina kipimo

Fomu zinapanga hidrojeni kwa rangi: kijivu, buluu, na kijani, yaani ya maji na umeme safi. Ya kijivu, inayotengenezwa kwa gesi asilia na mvuke, hutoa kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa kwa kila kilo ya hidrojeni, na hapo tumehesabu ndani ya uzio wa kiwanda tu. Ya makaa ya mawe hutoa karibu mara mbili ya hiyo. Hayo yanajulikana. Palipo na utata ni kwenye buluu, yaani gesi asilia pamoja na kinasa hewa ukaa.

Katika mtambo wa mvuke hewa ukaa hutoka sehemu mbili. Karibu asilimia 60 imo kwenye gesi ya mchakato, yenye shinikizo kubwa na rahisi kunasa. Iliyobaki imo kwenye moshi wa tanuru linalopasha mirija ya kichocheo, imechanganyika na naitrojeni tele, na kuinasa ni ghali. Mwekezaji akiweka kinasa kwenye sehemu ya kwanza pekee anaweza kutangaza kwamba "ananasa asilimia 90" na asiwe amesema uongo, kwa kuwa anazungumzia asilimia 90 ya mkondo mmoja. Kwa mtambo mzima ni kama asilimia 54. Tumeona andiko la mradi baada ya andiko yakipita kwa asilimia hiyo 90 bila mtu kuuliza: asilimia 90 ya nini?

Halafu kuna methani. Kila kilo ya hidrojeni ya mvuke hula takriban kilo 3.3 za methani. Ikivuja asilimia 2 tu kati ya kisima na kiwanda, ni gramu 67 hivi. Kwa kipindi cha miaka 20 methani hupasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule, kwa hiyo gramu hizo ni sawa na kilo 5 na zaidi za hewa ukaa kwa kila kilo ya hidrojeni. Kinasa kilichoko kiwandani hakiwezi kugusa hata gramu moja ya hiyo. Hidrojeni ya buluu inaweza kuwa na maana pale mitambo inaponasa hewa ukaa kwenye mikondo yote na uvujaji umepimwa kwa vifaa, lakini si kwa neno la muuzaji wa gesi.

2. Umeme safi unaohesabiwa kwa mwaka

Mradi unanunua vyeti vya umeme wa jua vinavyolingana na matumizi yake ya mwaka mzima, kisha unaendesha mtambo usiku na mchana. Usiku hakuna jua. Kama kinachowaka usiku ni makaa ya mawe, kila kilo ya hidrojeni ya usiku inabeba kilowati-saa 52 mara gramu 900, yaani kilo 47 za hewa ukaa. Hiyo ni karibu mara tano ya hidrojeni ya kijivu, na kwenye karatasi imeandikwa kijani.

Mpaka wa hesabu ni rahisi kuukumbuka: umeme wenye zaidi ya gramu 190 hivi za hewa ukaa kwa kilowati-saa unatoa hidrojeni mbaya kuliko ile ya gesi asilia tuliyotaka kuiacha.

Waendeshaji hawafanyi hivyo kwa nia mbaya. Mtambo wa elektrolisisi ni ghali, na kila saa ukilala gharama ya kilo inapanda. Kuna na sababu ya kiufundi ambayo watunga sera huisahau. Mitambo ya alkali, inayotumia mmumunyo wa potasi, haipendi mzigo mdogo. Mkondo wa umeme ukishuka sana, oksijeni inayozalishwa inapungua wakati hidrojeni inaendelea kupenya kiwambo kwa kasi ileile, na asilimia ya hidrojeni kwenye upande wa oksijeni inapanda. Ikifika asilimia 4 mchanganyiko unaweza kulipuka, kwa hiyo ulinzi huzima mtambo mapema, kwa kawaida kwenye asilimia 2. Kuzima na kuwasha kila siku nako kunachakaza elektrodi. Mwendeshaji akiona wingu, anavuta umeme wa gridi ili mtambo usizime. Dawa yake inajulikana: kujenga jua na upepo kwa uwezo mkubwa kuliko mtambo, kugawa mtambo katika vikundi vinavyoweza kuzimwa kimoja kimoja, na kuweka betri ndogo ya kushikilia mzigo wa chini. Vyote hivyo vina gharama, na hakuna atakayevilipia kama cheti cha mwaka kinakubaliwa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni zinazotaka umeme ulingane na uzalishaji mwezi kwa mwezi, kisha saa kwa saa kuanzia 2030, na ukaweka kikomo cha kilo 3.38 za hewa ukaa kwa kilo ya hidrojeni. Hatusemi mnakili. Tunasema kipimo kipo na kinatekelezeka.

3. Hidrojeni chafu iliyopo haiguswi

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyo na mvuto kwenye hotuba.

Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za hidrojeni. Sehemu iliyotengenezwa kwa njia safi haikufika asilimia 1. Utengenezaji huo unatoa zaidi ya tani milioni 900 za hewa ukaa kwa mwaka. Wateja wapo tayari: viwanda vya kusafisha mafuta zaidi ya tani milioni 40, amonia zaidi ya milioni 30, methanoli karibu 17. Hapa hakuna haja ya kubuni boila mpya wala injini mpya. Molekuli ni ileile, inaingia bomba lilelile. Na bado miradi mipya inayopata alama za juu ni ya kutafuta wateja wapya wa hidrojeni, wakati wa zamani wanaendelea na ya gesi.

Tusidanganyane kwamba ni kazi ya kubadili valvu moja. Tuchukue kiwanda cha amonia cha tani 1,000 kwa siku. Kinahitaji tani 178 za hidrojeni kila siku, na hiyo ni megawati 385 za elektrolisisi mfululizo, mchana na usiku. Kwa jua pekee, kwenye eneo ambalo paneli hutoa robo ya uwezo wake kwa wastani wa mwaka, ni megawati 1,500 hivi za paneli. Maji yaliyosafishwa ni mita za ujazo 1,800 kwa siku, kupoza mitambo kando. Maji hayo yawe safi kwelikweli: kloridi na madini vikipita, seli zinaharibika polepole na lawama anabebeshwa mtengenezaji wa mtambo.

Kisha yanakuja mambo ambayo michoro ya miradi huyaruka. Kiwanda cha amonia cha gesi hupata naitrojeni yake kutoka kwenye hewa inayoingizwa katika hatua ya pili ya kuchanganua gesi. Ukiondoa gesi, umeondoa na naitrojeni. Itabidi ununue mtambo wa kutenganisha hewa. Kiwanda hichohicho hupata mvuke wake kutokana na joto la mchakato, na mvuke huo ndio unaozungusha kompresa. Ukiondoa gesi, kompresa zinahitaji mota za umeme. Hidrojeni ya elektrolisisi huja na unyevu na chembe za oksijeni, na vyote viwili ni sumu kwa kichocheo cha chuma, kwa hiyo lazima ipite kwenye kiondoa oksijeni na kikaushio kwanza. Na mzunguko wa amonia, unaofanya kazi kwa nyuzi joto 400 hadi 500 na shinikizo la zaidi ya baa 100, haukutengenezwa kupanda na kushuka na mawingu. Unahitaji ghala la hidrojeni katikati.

Urea ni kitendawili kingine. Tani 1 ya urea inahitaji tani 0.57 za amonia na tani 0.73 za hewa ukaa. Kiwanda cha gesi kinaipata hewa ukaa hiyo bure kutoka kwenye mchakato wake. Cha elektrolisisi hakina. Na hewa ukaa iliyofungwa ndani ya urea haikai humo, hutoka shambani mbolea inapoyeyuka. Kwa hiyo anayetangaza "urea ya kijani" aseme hewa ukaa yake inatoka wapi. Mara nyingi jibu la busara ni kuhamia mbolea za naitreti pale zinaporuhusiwa na kuhifadhika salama, na hilo linahitaji wizara ya kilimo ikae mezani.

Wala si teknolojia ya majaribio. Rjukan nchini Norwei, Aswan nchini Misri na Kwekwe nchini Zimbabwe, vyote viliwahi kutengeneza amonia kwa hidrojeni iliyotokana na maji na umeme, katika karne iliyopita. Kilichowashinda ni bei na upatikanaji wa umeme au ushindani wa gesi. Kemia ilifanya kazi yake.

Kuhusu viwanda vya kusafisha mafuta tuna angalizo moja. Hidrojeni safi humo inapunguza hewa ukaa leo, lakini ruzuku ya miaka 20 isije ikawa sababu ya kurefusha umri wa kiwanda cha petroli.

4. Chuma kinasubiri madini na umeme, si matangazo

Tani 1 ya chuma kutoka tanuru la koki hutoa zaidi ya tani 2 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni ya makaa ndiyo inayonyang'anya madini oksijeni yake. Hidrojeni inaweza kufanya kazi hiyo na kutoa mvuke wa maji badala yake. Kilo 54 za hidrojeni kwa tani ya chuma ndizo zinazotosha kwa nadharia. Kwa vitendo ni 55 hadi 60, na umeme wa mnyororo mzima ni megawati-saa 3.5 hivi au zaidi kidogo. Huko Luleå, Uswidi, mtambo wa majaribio wa HYBRIT ulianza mwaka 2020, na mwaka uliofuata chuma cha kwanza kikakabidhiwa mteja.

Yanayoharibika yanajulikana. Kaboni monoksaidi, gesi inayotokana na koki, ikinyang'anya madini oksijeni hutoa joto; hidrojeni hulimeza. Kwa hiyo gesi lazima iingie ikiwa na joto kali na kwa wingi kupita mahitaji ya kemia, na isiyotumika ikaushwe na kurudishwa. Heta ya kupasha gesi hiyo ndiyo inayosumbua wabunifu. Chuma sifongo kinachotoka, yaani chuma kilichoondolewa oksijeni bila kuyeyushwa, hakina kaboni, ilhali fundi wa tanuru la umeme anaitaka kaboni kidogo ili takamaji, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma, itoe povu na kufunika miale ya umeme. Itabidi aiongeze kutoka kwingine, ikiwezekana ya mimea. Madini yawe bora, asilimia 67 ya chuma au zaidi, maana tanuru la umeme halisamehi uchafu kama tanuru la koki. Madini ya kiwango hicho ni machache. Kinu cha kuyaboresha ni sehemu ya mradi wa hidrojeni hata kama hakina bomba hata moja la hidrojeni, lakini kwenye fomu zenu hakipati alama hata moja.

Jambo la kutia moyo ni kwamba tanuru la wima, linalotengeneza chuma sifongo, linaweza kuanza na gesi asilia, likashusha utoaji wa hewa ukaa hadi kati ya tani 1 na 1.4, kisha likaongezewa hidrojeni hatua kwa hatua kadiri inavyopatikana. Ratiba hiyo ya kuongeza ndiyo inayopaswa kuwemo kwenye mkataba, mwaka kwa mwaka, na adhabu yake. Bila ratiba, "tayari kwa hidrojeni" ni maneno ya kwenye kibao cha jiwe la msingi.

5. Mabomba ya gesi na boila za nyumbani

Tutakuwa wafupi. Kuchanganya hidrojeni asilimia 20 kwa ujazo kwenye gesi ya majumbani kunapunguza hewa ukaa kwa asilimia 7 tu, kwa sababu mita moja ya ujazo ya hidrojeni ina chini ya theluthi ya nishati ya methani. Ukipita hapo, vichomeo, mita na mabomba ya chuma kigumu ambayo hidrojeni huyafanya yawe mepesi kupasuka vyote vinahitaji kukaguliwa au kubadilishwa. Uingereza ilitaka kujaribu hidrojeni tupu katika vitongoji viwili, Whitby na Redcar. Majaribio yote mawili yalifutwa mwaka 2023. Bado kuna mistari ya bajeti kwa mipango ya aina hiyo. Ifuteni.

6. Hakuna anayepima uvujaji

Hidrojeni si gesi joto kwa yenyewe, na hilo limewafanya wengi wadhani ikivuja hakuna hasara zaidi ya pesa. Ikifika angani inatumia hidroksili, ambayo ndiyo inayosafisha methani. Methani inakaa muda mrefu zaidi, ozoni ya chini inaongezeka, na mvuke wa maji unaongezeka kwenye tabaka la juu. Kwa miaka 100 athari yake inakadiriwa kuwa mara 11 hadi 12 ya hewa ukaa. Kwa miaka 20, karibu mara 37. Mnyororo unaovuja asilimia 5 umejiongezea takriban kilo 1.8 za hewa ukaa kwa kila kilo ya hidrojeni kwa hesabu ya miaka 20. Linganisheni na kikomo kile cha 3.38.

Mtaambiwa vitambuzi vipo kila kiwanda. Vipo, vya usalama. King'ora cha usalama kwa kawaida hulia hidrojeni ikifika asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani sehemu 4,000 katika milioni. Hewa ya kawaida ina nusu ya sehemu moja katika milioni. Kati ya hapo na hapo inaweza kupotea hidrojeni mwaka mzima bila king'ora kulia. Na mara nyingi haivuji kwa bahati mbaya: inatolewa makusudi wakati wa kuwasha, kuzima, kukausha na kusafisha mabomba, au inachemka na kutoka kwenye matangi ya hidrojeni kimiminika ya nyuzi -253. Njia nyepesi ya kuanzia ni mizania: kilo zilizozalishwa, kilo zilizouzwa, tofauti imekwenda wapi.

7. Meli, ndege, saruji na umeme wa akiba

Amonia na methanoli zinaweza kuendesha meli za safari ndefu ambazo betri hazifai. Lakini amonia inahitaji tangi la ukubwa wa mara tatu hivi, ni sumu, na ikiungua vibaya hutoa naitrasi oksaidi, ambayo ni mbaya zaidi ya mara 270 kuliko hewa ukaa. Msilipie meli ya amonia bila kipimo cha gesi hiyo kwenye bomba la moshi. Methanoli na mafuta ya ndege ya kutengenezwa yanahitaji kaboni, tani 1.4 hivi za hewa ukaa kwa tani ya methanoli. Ikitoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, mmeichelewesha tu kufika angani.

Kwenye saruji, karibu asilimia 60 ya hewa ukaa inatoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa, wala si kwenye moto. Hidrojeni haigusi sehemu hiyo. Joto la viwandani lililo chini ya nyuzi 200 ni kazi ya pampu joto na boila za umeme. Umeme wa akiba ya msimu ni matumizi halali palipo na mapango ya chumvi, kama yale ya Teesside, Uingereza, yanayohifadhi hidrojeni tangu 1972. Lakini anayeweka umeme kwenye hidrojeni na kuutoa tena hupata theluthi yake hivi, kwa hiyo si ya kila siku.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema tujenge soko kwanza, usafi utakuja baadaye. Soko la tani milioni 97 lipo. Na mtambo uliojengwa kwa mkataba wa miaka 20 hausafishiki kwa barua ya mwaka wa tano.

Mtasema masharti ya saa kwa saa yatawakimbiza wawekezaji. Yatawakimbiza wale ambao faida yao imo kwenye cheti. Hilo ndilo lengo la sharti. Kwa wengine, muda wa mpito wenye tarehe ya mwisho unatosha.

Mtasema nchi nyingine zinafadhili kila kitu, tusiachwe nyuma. Mtaka yote hukosa yote. Umeme safi ni mchache, na kila megawati-saa iliyopelekwa kwenye boila imenyimwa gridi ambayo bado inachoma makaa.

Mtasema tutaiuza nje ikiwa kimiminika. Kuipoza hadi nyuzi -253 kunakula kilowati-saa 10 au zaidi kwa kilo, karibu theluthi ya nishati iliyomo. Kama mnunuzi anataka mbolea au chuma, mpelekeeni amonia au chuma sifongo kilichofinyangwa. Kuisafirisha hidrojeni ikiwa amonia na kuivunja tena kuwa hidrojeni ufukweni ni kulipia mlango wa kuingia na wa kutoka.

Tunachoomba

(a) Kigezo cha kwanza cha ruzuku kiwe kilo za hewa ukaa zinazozuiwa kwa kila megawati-saa ya umeme safi, pamoja na maelezo ya kwa nini waya, betri au pampu joto haviwezi kazi hiyo.

(b) Neno la rangi liondolewe kwenye fomu. Kila mradi utaje namba moja ya hewa ukaa kwa kilo ya hidrojeni, kuanzia kisimani au kwenye paneli hadi getini, kwa miaka 20 na kwa miaka 100, na asilimia ya kunasa itajwe kwa mtambo mzima.

(c) Umeme ulinganishwe saa kwa saa si baadaye kuliko 2030, na utoke kwenye mitambo mipya. Kanuni hiyo iandikwe kwenye mikataba inayosainiwa sasa.

(d) Sehemu kubwa ya fedha iende kusafisha hidrojeni inayotumika tayari, kwanza amonia, kisha chuma, ikiwa ni pamoja na mitambo ya kutenganisha hewa, maghala na vinu vya kuboresha madini.

(e) Fedha za kuchanganya hidrojeni kwenye gesi ya majumbani zisitishwe kuanzia bajeti ijayo.

(f) Mizania ya hidrojeni ichapishwe kila robo mwaka na kila mradi unaopokea fedha za umma, na asiyechapisha asilipwe robo inayofuata.

Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja, pamoja na orodha ya miradi iliyokwisha kufadhiliwa ikionyesha namba iliyotajwa kwenye (b). Kama namba hiyo haikuwahi kuombwa kwa mradi wowote, tunaomba mseme hivyo. Hesabu zetu zote tuko tayari kuzikabidhi kwa wataalamu wenu wazipitie, na palipo na kosa tutalirekebisha hadharani.

Tunawasilisha.

Wahandisi na wakemia wa hidrojeni

Nakala: kamati za bunge zinazosimamia nishati, viwanda na bajeti, wakaguzi wakuu wa hesabu za umma